Mkataba wa Jiko la Shangazi

Kazi yangu ni kusoma zile kurasa ambazo wenzangu huzipita haraka wakitafuta mahali pa kutia sahihi. Mimi ni wakili wa serikali ya kaunti hapa Kakamega, upande wa mikataba. Kaunti ikitaka kujenga soko, kununua dawa au kutengeneza barabara ya kwenda Khwisero, karatasi hupita mezani kwangu kwanza. Natafuta neno lililosahauliwa, tarehe zisizolingana, ukurasa uliokosa muhuri. Watu wakisikia wakili hufikiria mtu mwenye joho anayenyoosha kidole mahakamani. Mimi hata sauti ya kufukuzia kuku sina. Joho nimelivaa mara chache, na mojawapo nililigeuza ndani nje. Hakimu, kwa huruma yake, alingoja kikao kiishe ndipo akaniambia.

Sheria yenyewe sikuisoma kwa kipawa. Nilimaliza sekondari ya kutwa ya kijijini, nikaajiriwa kupiga chapa katika ofisi ya serikali. Nilipiga chapa mikataba ya watu mpaka nikaanza kuielewa, ndipo nikajiunga na masomo ya jioni pamoja na vijana walioniita mathe, kama mama yao. Mtihani wa mawakili ulinikataa. Niliurudia, ukanikubali shingo upande. Mpaka leo nikisoma kitu kigumu midomo yangu inacheza kama ya mtu anayesali, na karani wa ofisi yetu akiniona hivyo huwaambia wageni wasubiri, Madam yuko kwenye ibada.

Mume wangu alikuwa fundi wa kujenga. Kwa sababu yangu hakuwahi kujenga hata mtaro wa kaunti. Sheria haitaki mume wa mtu anayepitia mikataba aombe tenda katika ofisi hiyohiyo. Wako wanaoipita sheria hiyo kwa kutumia jina la shemeji au la binamu. Aliniuliza siku moja tu, nami nikamjibu kwa kifungu. Hakuuliza tena, ila hakunyamaza.

"Wenzangu wakioa ofisini wanapata tenda," alikuwa akiwaambia rafiki zake kwenye veranda yetu Shieywe. "Mimi nilioa ofisini nikapata marufuku."

Basi akajenga vyoo vya watu, mabanda ya kuku, veranda, na makaburi ya saruji kwa waliotaka. Kaburi lake lilijengwa na fundi wake mwenyewe, mtu wa Mumias aliyefanya kazi naye tangu ujana. Mume wangu alifariki mwaka jana kwa ugonjwa ambao hospitali iliupa jina refu na sisi tukauita tumbo. Sikulia sana mbele za watu. Nilipanga risiti.

Tulimzika kwao Musanda, katikati ya miwa. Kwetu, siku chache baada ya mazishi, waliofiwa hunyolewa, kisha watu hukaa uwanjani na kuulizwa kama kuna mwenye neno lililobaki na marehemu. Kaka mkubwa wa mume wangu ndiye aliyeongoza kikao. Mmoja akasema marehemu alimwazima toroli, arudishiwe. Mwingine akasema aliwahi kumkosea, amemsamehe. Shangazi alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha mbele yake.

Shangazi huyu ni dada ya baba mkwe wangu, na ndiye aliyemlea mume wangu baada ya mama yake kufa. Anaishi peke yake katika boma hilohilo tulipomzika. Jiko lake lilikuwa chumba cha udongo kilichoinama, paa linavuja, moshi hautoki, na kifua chake kilikuwa kikimkorofisha kila msimu wa mvua. Mwaka uliotangulia hakupika humo kwa miezi ya mvua. Alikula kwa majirani, na kwa mtu wa namna yake kula kwa majirani ni ugonjwa wa pili. Mume wangu alikuwa amemwahidi jiko jipya. Nililijua hilo kwa sababu aliniambia akiwa kitandani, mara kadhaa, kama mtu anayehofia kusahau: kabla ya mvua nyingine, jiko la Shangazi.

"Shangazi, wewe huna neno na marehemu?" shemeji akauliza.

"Mimi? Huyo alikuwa mtoto wangu. Hakuna neno."

Nilijua anadanganya, na kwamba anadanganya kwa ajili yangu. Nikasimama. Nilikuwa nimenyolewa asubuhi hiyo na upepo ulikuwa unanipiga kichwani, nikajiona kama yai.

"Liko," nikasema. "Alimwahidi jiko. Kabla ya mvua. Mimi ni shahidi."

Shemeji yangu akanigeukia. Ni mkulima wa miwa na amewahi kunisikia nikiwahutubia wakulima wenzake kuhusu kuuza miwa bila karatasi.

"Kuna maandishi, wakili?"

"Hakuna."

"Si wewe unasemanga bila maandishi hakuna kitu?"

Watu wakacheka, cheko la matangani, la chini chini. Nikasema kwamba hilo ni la serikali. Hili ni la nyumbani, na jiko litajengwa. Shangazi akatazama miguu yake. "Keti, mke wetu," akasema. "Utapata homa ya kichwa."

Mtu mwenye akili angempigia simu yule fundi wa Mumias, amwambie, jenga lile jiko mlilozungumza na bosi wako, na mambo yangeishia hapo. Mimi niliandaa mkataba.

Nilichukua mfano wa mkataba ambao kaunti hutumia kujenga vyoo vya masoko, nikafuta neno "Kaunti" na kuweka "Mteja". Machozi yalinifanya niruke sehemu nyingine, au niseme ukweli, nilikuwa nafanya haraka na machozi hayakuhusika. Kwa hiyo mahali pengine jiko lilikuwa langu na mahali pengine lilikuwa la serikali. Fundi alitakiwa kulikinga dhidi ya vita na ghasia. Alitakiwa asimike kibao cha mradi. Alikatazwa kumpa zawadi mtumishi yeyote wa umma. Mke wake aliponiletea mkungu wa ndizi kwa sababu nimefiwa, niliusoma mkataba, nikaona mtumishi wa umma ni mimi, nikaurudisha mkungu Mumias kwa bodaboda. Mama huyo hajanielewa mpaka leo, na simlaumu.

Mchoro niliuchora mwenyewe kwa rula. Mstatili, madirisha mawili, mahali pa mafiga, na mlango nikauweka upande wa chini wa karatasi kwa sababu ndipo ulipopendeza.

Nilimsomea Shangazi mkataba wote, kwa kuwa nimezoea kwamba mtumiaji wa jengo lazima ashirikishwe. Alikuwa anachambua maharagwe. Kwenye kifungu cha vita alisinzia. Alifungua macho nilipofika karibu na mwisho.

"Rudia hapo."

"Ni muda wa kurekebisha kasoro, Shangazi. Jengo likikwisha, fundi hajawa huru bado. Ukiona kasoro unasema, anarudi kuitengeneza. Na msimamizi wa mradi lazima awepo kila mara, aikague."

"Msimamizi ni nani?"

"Mimi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uridhike na utie sahihi."

"Hiyo ni nzuri," akasema, akarudi kwenye maharagwe yake.

Fundi alitia sahihi bila kusoma. Nilimwonya kwamba hilo ni jambo baya. Akasema, "Madam, bosi alikuwa akiniambia tu jenga, nami najenga." Nikamlazimisha asome. Akasoma akiwa amesimama, akifuata mistari kwa ufunguo wa pikipiki yake, akanirudishia karatasi kwa adabu kubwa kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwingine.

Kazi ilipoanza nilikuwa ofisini. Simu ikalia.

"Salaam aleikum, Madam. Tumefika. Lakini kuna vigingi hapa kwenye nyasi, vimefungwa kamba."

Nilikuwa na kontrakta mbele yangu aliyekuwa akibisha kuhusu mtaro, na sikutaka aone kwamba nina mradi wa jiko.

"Kifungu cha kwanza kinasemaje?"

Nikasikia karatasi ikifunguliwa upande wa pili. "Kusafisha eneo. Kuondoa miti, visiki, takataka na vizuizi vyote."

"Basi safisha."

"Vigingi pia?"

"Ni vizuizi au si vizuizi?"

"Sawa, Madam," akasema.

Kontrakta wa mtaro alinitazama kwa heshima mpya. Nilijisikia vizuri siku hiyo nzima.

Kibao nacho kikasimikwa, kipande cha bati chenye maandishi ya rangi nyekundu: MRADI WA JIKO. MTEJA: SERIKALI. Fundi alikuwa amefuata ule ukurasa nilioruka. Kabla ya wiki kwisha, vijana wa Musanda walikuja kwa Shangazi kuuliza kwa nini hawakuarifiwa kuhusu tenda hiyo, na kama kuna fungu la vijana. Kina mama wa kanisa wakauliza lini serikali itafika kwao, kwa kuwa nao wana majiko mabovu. Shangazi aliwakaribisha chai na kuwaambia waandike majina. Nilipomlalamikia kwenye simu alisema, "Si mbaya. Sijapata wageni wengi hivi tangu matanga."

Jumamosi moja fundi akaniita nikague. Kuta zilikuwa zimefika juu, kizingiti cha juu ya mlango kimewekwa, mbao za paa ziko chini zinangoja. Mawingu ya mchana yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa kama yafanyavyo kila siku wakati huo wa mwaka. Nilizunguka jengo na karatasi yangu mkononi. Urefu, sawa. Madirisha, sawa. Mafiga, sawa. Nilikuwa na furaha ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza ameona kifungu chake kikisimama na kupigwa lipu.

"Shangazi, umeionaje kazi?"

"Ni nzuri."

"Ingia basi."

"Niko sawa hapa."

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma wa nyumba yake, mikono kifuani. Kutoka pale alipokuwa, jiko jipya lilionekana mgongo tu.

"Utaanza lini kupika humo?"

"Hapo? Hapo nitaweka kuku. Ni banda zuri sana, mke wetu. Asante."

Nilidhani ni mzaha. Nikamtazama fundi, naye akawa anatazama saruji. Nikauliza kuna nini, nikauliza tena, na mara ya tatu Shangazi akanijibu kama unavyomjibu mtoto aliyesisitiza kuambiwa.

"Mlango unaangalia miwa. Nikikaa kwa jiko nataka nione nyumba yangu, nione njia ya kisima, nione nani anakuja. Mimi sipikangi nikiwa nimepea watu mgongo. Hapo nitaangalia miwa asubuhi mpaka jioni. Miwa itaniambia nini?"

"Lakini hukusema."

"Nilisemea mume wako. Alikuja hapa kabla hajalala kitandani kabisa, na kamba yake ya bluu. Akaniletea kiti, akakiweka kwa nyasi, akasema, Shangazi, keti, unaona nini? Nikamwambia naona ukuta. Akageuza kiti. Unaona nini? Nikamwambia naona kisima lakini nyumba sioni. Akageuza tena. Aligeuza mpaka nikaona kila kitu, ndiyo akapiga vigingi."

Kuku mmoja aliingia ndani ya jiko, akatoka.

"Vigingi viko wapi?" nikauliza, ingawa swali hilo ningeweza kujijibu.

"Fundi alivirundika kando. Vilipika maharagwe."

"Kwa nini hukumzuia?"

"Aliniambia ni kifungu cha kwanza. Nani anabishana na kifungu?"

Nilikwenda kuketi juu ya rundo la mchanga. Niliufungua mkataba na kuanza kutafuta neno la kuniokoa, midomo ikicheza. Mchoro haukusema mlango uelekee wapi. Fundi alikuwa ameishika karatasi akiwa amesimama upande wa barabara ya kwenye miwa, chini ya karatasi ikawa barabarani, na mlango ukaenda huko. Katika ofisi yetu nimewahi kuandika maoni marefu, yenye maneno makali, kwamba karatasi ikiwa haieleweki, hasara ni ya aliyeiandika. Kontrakta mmoja alishindwa kwa maoni hayo. Nilikuwa nimejivunia siku hiyo pia.

Fundi akaja akasimama karibu nami. Alikuwa na wasiwasi wa mtu asiyejua kama atalipishwa.

"Mimi nilifuata mkataba, Madam."

"Najua."

"Na vigingi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Sasa nani ameshinda?"

"Wewe."

"Na nani ameshindwa?"

Nikatazama kile kibao cha bati. "Serikali," nikasema.

Akacheka, kisha akakumbuka kwamba nimefiwa na akaacha, kisha akaona mimi nacheka na akaendelea. Shangazi akatuuliza kutoka mlangoni kama tumepata wazimu.

Fundi alitaka kugeuza mlango bure, kwa sababu ya bosi wake. Nikakataa. Nikamwambia badiliko lolote la kazi lazima liandikwe na lilipwe, na kwamba hata kama mimi ni mpumbavu, sitakuwa mpumbavu wa kuvunja kifungu hicho. Akararua kipande cha mfuko wa saruji, akanipa kalamu yake ya seremala.

"Andika basi kwamba utalipia, na kwamba msimamizi atabeba matofali. Mvua haingoji, na leo kijana wangu hakuja."

Nikaandika. Lakini kabla hajagusa ukuta, niliingia nyumbani kwa Shangazi nikatoa kiti, nikakiweka katikati ya jiko lisilo na paa.

"Shangazi, keti."

Aliketi. Alijua ninachofanya, na alikuwa mwema, hakusema lolote kuhusu hilo.

"Unaona nini?"

"Naona wakili."

Nikasogea. "Sasa?"

"Ukuta."

Fundi akabomoa tofali moja kwa nyundo, halafu la pili, halafu akaendelea mpaka kukawa na tundu la kichwa. Shangazi akainama kushoto, akainama kulia, akamwambia asogee mkono mmoja upande wa kisima. Akasogea. Tundu likawa dirisha, dirisha likawa mlango.

"Sasa naona," akasema.

"Unaona nini?"

"Naona kila kitu. Naona hata shemeji yako anakuja kutucheka."

Kweli alikuwa anakuja. Alisimama na kunitazama nikibeba matofali ya kuziba ule mlango wa miwa, viatu vyangu vya ofisini vimekuwa vya rangi ya udongo.

"Wakili wa kaunti anabeba matofali," akasema. "Sasa naamini maendeleo yamefika Musanda." Kisha akavua koti, akachukua matofali mengi kuliko yangu. Tulifanya kazi mpaka ngurumo zikaanza. Wiki iliyofuata fundi alipiga mabati, na mvua ya kwanza ilipokuja ilimkuta Shangazi ndani, amekaa kwenye kigoda chake, anaangalia njia ya kisima.

Nilikwenda Jumamosi hiyo na hati ya kupokea kazi, nimeipiga chapa vizuri, na safari hii hakukuwa na neno "Serikali" popote. Shangazi alikuwa amechinja. Tulikula obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, karibu na moto, fundi na mke wake wakiwa wageni, na huyo mama akanipa ndizi mkononi moja moja, akiniangalia mpaka nimeze. Walipoondoka nikatoa hati na kalamu.

Shangazi aliishika karatasi mbali na macho yake, akaisoma au hakuisoma, akaiweka chini ya mkebe wa sukari.

"Sijaridhika," akasema.

"Kasoro ni ipi?"

"Mlango unalia."

"Nitamwambia fundi aje atie mafuta bawaba."

"Na msimamizi je? Si ulisema lazima awepo?"

Nikamtazama. Alikuwa anapanga kuni.

Inabidi niseme jambo kuhusu Jumamosi. Nyumbani kwangu Shieywe, Jumamosi ndiyo siku ambayo mume wangu alikuwa akisugua viatu vyake vya kazi kwenye ngazi, akiwaambia majirani kuhusu marufuku yangu. Tangu afariki, siku hiyo nilikuwa nikienda ofisini na kukaa peke yangu na mafaili ambayo hayakuwa na haraka. Sikuwa nimemwambia mtu.

"Lazima awepo," nikasema.

"Basi Jumamosi."

Jumamosi iliyofuata bawaba zilitiwa mafuta. Ile iliyofuata, moshi ulikuwa unaenda upande wa kulia na Shangazi anaupenda kushoto. Halafu ngazi ya mlango ikawa ndefu kwa kuku, ingawa kuku hawaruhusiwi kuingia. Halafu dirisha moja lilikuwa linamwangalia vibaya. Fundi haji tena, alikwisha kunielewa kabla sijajielewa. Hati bado iko chini ya mkebe na ina alama ya duara. Ofisini, mradi ukikaa muda huo bila kupokewa, mimi ndiye huandika barua ya onyo.

Juzi nilifika nikiwa nimechelewa, na Shangazi alikuwa ameniona tangu kwenye njia ya kisima. Nikauliza kasoro ya leo ni ipi. Akafikiri, akageuza ugali, akafikiri tena. Akasema kigoda cha pili hakina mtu, na jiko lenye kigoda kitupu linaonekana halijaisha.

Nilikagua, nikaona ni kweli. Nikaketi.